Mwaka Ilipofukuliwa Chenso ya Salimu

Simu ilinikuta nimepiga magoti sakafuni natafuta skrubu. Aliyepiga hakujitambulisha, alisema tu, "Fundi Rajabu, Bi Zuhura wa Tongoni ametutoka. Tunazika alasiri." Nikanyanyuka bila skrubu, nikawaambia vijana wazime mashine zote na wafunge milango. Wakatazamana. Karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga mjini, haifungwi ovyo. Haikufungwa nilipougua, haikufungwa hata maji ya mvua yalipoingia tukawa tunafanya kazi tumesimama juu ya makreti ya soda. Mmoja akathubutu kuuliza, "Marehemu ni ndugu, bosi?" Nikasema si ndugu. "Mteja?" Nikasema ndiyo, mteja, kisha nikaona neno hilo halitoshi, nikatafuta jingine nikalikosa, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Asiyenijua aulize kokote, kuanzia Horohoro mpakani hadi Pangani. Msumeno wa mnyororo, ambao sisi huku tunauita chenso, hakuna mtu mkoa mzima anayeujua kama mimi. Niletee iliyochunwa rangi, kibao cha namba kimeng'olewa, nusu ya vyuma imeliwa na kutu, niletee na kahawa, na kabla sijaimaliza kahawa nitakwambia kama ni Mjerumani, Mswidi au Mkanada, imetoka kiwandani enzi zipi, na kama imekata mvule au imeishia kwenye minazi. Sikusomea. Nimeishia darasa la nne, na cheti pekee nilichonacho ni cha chanjo. Lakini wenye hoteli hunitumia chenso za kale nizifufue wazitundike ukutani, na wazee wa Kizungu waliozaliwa kwenye mashamba ya mkonge hunipigia simu kuniuliza mashine ya baba zao ilikuwa ya aina gani. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa mikono hii, na ya mama yangu pia. Wanaosema najisifu waseme. Sifa zangu nazibeba mwenyewe, sijamwomba mtu anishikie. Ila zina mwaka zilipoanzia, na tangu nirudi Tongoni mwaka huo umenikaa kifuani kama tonge lililokwama.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, nafanya kazi na Fundi Mhina, Mbondei wa Muheza, Mlutheri, mtu mrefu aliyeinama kidogo kama anayepita mlango mfupi. Karakana yake ilikuwa chumba cha uani nyumbani kwake Makorora. Ukuta ulikuwa mweusi kwa oili mpaka usawa wa bega, na juu ya hapo chokaa nyeupe na kalenda ya kanisa. Dirisha moja lilitazama jiko la mkewe, Mama Eliza, kwa hiyo kila tulilosema alilisikia na kila alichopika tulikijua. Mpaka leo nikinusa petroli mate yananijaa, kwa kuwa petroli ya chumba kile ilichanganyika na mchuzi wa papa. Tulikula sinia moja, bada, ule ugali wa muhogo, katikati, na Mhina aliomba dua yake ya chakula macho wazi. "Funga macho, Fundi," nilimtania, "Mungu hamli samaki wako." Akajibu, "Mungu namwamini. Nisiyemwamini ni wewe." Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na nayakumbuka kwa raha, kwa sababu raha yenyewe haikufika mwisho wa mwaka.

Mwaka ule askari wa misitu walikuwa wamechachamaa. Aliyekutwa na chenso milimani bila kibali ilichukuliwa na yeye akachukuliwa nayo. Wapasua mbao wakawa na desturi ya kuzizika. Mtu akisikia askari wanapanda, anachimba shimo, anaifunga mashine kwa majani ya mgomba na gunia, anaifukia, anateremka mikono mitupu kama aliyekwenda kuposa. Mambo yakitulia anarudi kuifukua. Wengine hawakurudi, wengine walisahau mahali, basi tukawa tunaletewa chenso zilizochimbuliwa kama mihogo, hazina rangi, hazina namba, maana wenyewe walizipiga tupa namba zisijulikane. Kazi yetu ilikuwa kuzitambua, kuzifungua na kuzirudishia uhai. Hapo ndipo niliposomea. Darasa langu la tano mpaka chuo kikuu lilikuwa kwenye jiliwa la Mhina, kile kibanio cha chuma cha mezani.

Siku moja ya kiangazi aliingia mkulima wa Maramba, Mdigo mwenye maneno mengi, na gunia begani. "Fundi, mie n'kichimba choo, jembe likagonga chuma. N'kajua n'shakuwa tajiri, n'mepata rupia za Mjerumani. Kumbe dubwana hili." Mhina akalifungua. Ilikuwa chenso kubwa, imevimba udongo, nyeusi tupu. Nikatazama maungo yake mara moja nikasema, "Mjerumani, Fundi, wa zile nzito za zamani," naye akaitikia kwa kichwa. Kisha akafungua plagi, akanusa tundu lake, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Njoo unuse." Nikanusa. Nazi. Nazi iliyochacha. Watu wa milimani wakizika chenso huijaza oili chafu ya gari. Ni mtu wa pwani peke yake atakayemimina mafuta ya nazi ndani ya mashine kwa moyo safi, kwa kuwa kwao mafuta hayo hupakwa nywele, hupakwa mtoto, hupakwa bawaba ya mlango ikilia. Ndani ya silinda huganda yakawa gundi. Pistoni ilikuwa imeshikwa kama gego. "Huyu ni wa kwenu huyu," Mhina akanitania. "Mngeipaka na wanja." Akaigeuza chini juu huku bado anacheka, akakikwangua kitako kwa bisibisi, na kicheko kikamkatika. Chini ya mpini wa nyuma palikuwa na kiraka cha bati la sufuria, kimegongwa kwa ribiti. Akakigusa kwa kidole gumba. "Kiraka hiki nimekigonga mimi," akasema. "Hii ya Salimu."

Salimu alikuwa mpasua mbao wa Tongoni, kijana wa makamo yangu, mcheshi, na mtu wa mashoto. Chenso haikutengenezwa kwa watu wa mashoto. Mkono wa kulia ukae nyuma kwenye mpini wenye kifyatuo, wa kushoto ushike upinde wa mbele. Yeye aligeuza, na Mhina kila siku alimgombeza kwamba itamla. "Itanila, Fundi, lakini itashiba," akajibu. Alipita kwetu miaka miwili na kitu kabla ya siku ile ya gunia, njiani kwenda Amani, milimani. Mhina alimgongea kiraka, mimi nikamfungia sproketi mpya, lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo, nikamzungushia na mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mipini, mpya vilevile, ili asiteleze kwa jasho. Alisema atarudi kabla ya mfungo. Nyumbani aliacha wazazi wazee, na mkewe Zuhura na mtoto mchanga. Mfungo ukaja, na mwingine, asionekane. Kuna aliyesema mti ulimwangukia, kuna aliyesema askari, kuna aliyesema chui, na hakuna aliyeona chochote. Zuhura akabaki hivyo. Si mjane, kwa kuwa maiti haikuonekana. Si mke, kwa kuwa mume hayupo.

Mhina alikwenda stendi kutafuta mtu wa kupeleka habari Tongoni, akaniacha na mashine. Nami mashine ikikaa mbele yangu siwezi kuiacha, ndivyo nilivyoumbwa. Nikafungua kifuniko cha ubavuni. Sproketi niliyoifunga mpya ilikuwa imeliwa. Si kuliwa kidogo. Meno yamechimbika kila jino, namna ambayo mnyororo hauwezi kuchimba kwa mwezi wala kwa miezi mitatu. Hiyo ilikuwa kazi ya mwaka, ya kila kukicha. Nikaufuta udongo kwenye mpira wa mipini. Upinde wa mbele, upande wanaoshika watu wote, mpira ulikuwa mzima, na upande wa pili, anaposhika mtu wa mashoto, umeisha mpaka chuma kinang'aa. Nikarudi kwenye ile plagi. Aliyeizika aliimiminia mafuta yale taratibu, akairudisha plagi kwa vidole, akauvua mnyororo akaufunga peke yake kwenye kitambaa, nacho kilikuwamo mle gunini. Huyo hakuwa mtu anayekimbizwa. Hakuwa mwizi wala muuaji. Alikuwa mtu wa pwani, wa mashoto, aliyefanya kazi mwaka mzima akiwa hai na afya yake, kisha akaifukia mashine yake vizuri akaenda zake. Nikakaa chini kabisa, sakafuni.

Mhina aliporudi nikamwonyesha. Alitazama kila kitu, akachukua kitambaa, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyokuwa michafu. "Kesho wanakuja kuuliza chenso ni ya nani," akasema. "Ukiulizwa ya nani, jibu ya nani."

"Na haya mengine?"

"Haya mengine hawajayauliza."

"Fundi, Salimu yuko hai."

"Alikuwa hai siku aliyoifukia. Tangu hapo hata wewe hujui, na ujuaji wako wote."

Mama Eliza akapaza sauti toka jikoni, "Nyie, njooni mle, chakula kinapoa," nasi tukala, na siku hiyo Mhina alifumba macho kuomba.

Walikuja watatu. Mzee Makame, baba yake Salimu, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mwalimu wa msikiti wao. Na Zuhura, mwanamke mwembamba wa miaka yangu, amembeba binti yake Tatu ubavuni ingawa mtoto alishajua kutembea. Wanaume wakaketi sebuleni, penye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma. Zuhura akapita uani akakaa na Mama Eliza kuchagua mchele. Mimi nilikuwa katikati, kwenye mlango wa karakana, sikio moja huku na moja kule, na niliyoyasikia siku ile sijayasahau.

Sebuleni mzee alikuwa akisema, "Mbuzi nimeshamfunga, Mwalimu. Mchele upo. Nataka nimsomee mwanangu hitma. Mama yake amekufa anasubiri, mimi sitaki kufa nasubiri."

"Subira, mzee wangu. Tuthibitishe. Huyu Mhina ni mtu mkweli, lakini kwa jambo la eda nataka na Muislamu aliyeijua mashine hiyo."

"Yupo yule kijana wao. Anajua mno, nasikia, na anajua kwamba anajua."

Wakacheka kidogo. Na uani, chini ya sauti ya mchele unaopepetwa, Zuhura alikuwa akimwambia Mama Eliza, "Nikienda sokoni naulizwa, mumeo hajambo? Nikisema hajambo naongopa. Nikisema amekufa naongopa. Nimechoka kuongopa, mama."

"Na leo wakikwambia amekufa?"

"Nitalia. Nitavaa kaniki nikae eda, watu wataniletea uji, na siku ikitimia nitatoka nje nami ni mtu. Nitajulikana nilivyo."

"Na wakisema mzima?"

Mchele ukanyamaza. "Hapo sijui nitakuwa nani," akasema.

Tukaitwa. Chenso ililazwa juu ya gunia katikati ya sebule, na Zuhura akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mhina akasema lake kwa maneno machache. Chenso ni ya Salimu, kiraka hiki ni kazi ya mkono wangu, siwezi kukikosea. Mzee Makame akasema inna lillahi, akafunika uso kwa viganja. Mwalimu akamshika goti, kisha akanigeukia. "Na wewe, kijana? Unasemaje juu ya mashine hii?"

Nimeulizwa mara nyingi, na wanaonipenda na wasionipenda, kwa nini sikukomea pale alipokomea Mhina. Wako wanaosema nilisema kwa sifa. Sawa, sifa ninazo, sizikani. Lakini swali la Mwalimu halikuwa ya nani. Alisema, unasemaje juu ya mashine hii. Na mimi mashine hii ilikuwa imeniambia mambo, na yule mwanamke mlangoni alikuwa amechoka kuongopa. Nikasema, "Ni ya Salimu, Mwalimu. Na Salimu ameifanyia kazi mwaka mzima baada ya kupotea." Nikapiga magoti nikawaonyesha. Nikaweka kidole kwenye meno ya sproketi, nikaweka mkono kwenye mpini pale mpira ulipokwisha, nikawanusisha na nazi. Nilisema vizuri. Sijawahi kusema vizuri vile maishani. Nilipomaliza mzee alikuwa ameondoa viganja usoni, machozi yangalimo ndevuni lakini uso umebadilika.

"Kijana," akasema, "nimekuja kumzika mwanangu. Wewe umemfufua ili nimlaani."

Mhina akatazama dari. Zuhura hakulia. Akauliza pale mlangoni, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya bamia, "Mtu akitoka Maramba asubuhi, Tongoni anafika lini?" Akanigeukia. "Nakuuliza wewe, fundi."

"Alasiri anakuwa kwake," nikasema.

"Alasiri." Akamhamishia mtoto ubavu wa pili. "Mwalimu, kamfungulieni mbuzi."

Wakaondoka bila kula. Mama Eliza alikuwa amepika wali wa watu wanane, tukabaki na sinia lililojaa, na Mhina hakutia mkono. Nikamwambia, "Nimesema kweli, Fundi." Akasema, "Umesema kweli." Nikauliza, basi mbona huli? Akasema, "Umeisema yote. Hakuna aliyeiomba yote." Watu wa Tongoni walikwenda Maramba kuuliza, wakarudi na habari ileile niliyoisoma kwenye chuma. Kulikuwa na wapasua mbao, mmoja wa mashoto, mcheshi, aliyekaa nao muda mrefu, na askari walipopanda alishuka na wenzake kuelekea mpakani. Wapi zaidi ya hapo, hakuna aliyejua. Sikukosea hata unywele. Masheikh wa mjini walimsikiliza Zuhura wakaivunja ndoa, kwa kuwa ametelekezwa na hakuna matunzo. Akawa huru. Lakini mjane huletewa uji, na aliyekimbiwa huletewa macho. Harusini wanawake walipompita walichezesha mkono kama wanavuta kamba ya kuwashia chenso, wakasema, "Vruum, huyoo!" na kucheka. Mzee Makame alikufa hajaisoma ile hitma. Nilikwenda mazikoni, nikakaa nyuma.

Na mimi? Mimi niling'ara. Hiyo ndiyo sehemu inayonikera ninapoiandika. Habari zilienea mpaka Korogwe kwamba yuko kijana Tanga anayeisoma mashine mpaka ikamtaja mwenyewe. Watu wakaanza kuja, si kwa Mhina, kwangu. Wanataka kujua hii ya nani, imeibwa wapi, imefanya kazi na nani. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa na chumba changu mwenyewe. Mhina hakunizuia, alinipa hata jiliwa la pili. "Chukua," akasema, "wewe ni fundi kunizidi. Ila usiitwe tena kwenye masebule ya watu." Nilidhani ni wivu. Sasa yeye naye hayupo, na siku hizi nikiitwa kutoa kauli mahali hulikumbuka neno lile, nakwenda hata hivyo.

Ile chenso niliirudishia uhai mimi, na ilinilia sehemu kubwa ya mwaka ule. Mkulima wa Maramba hakuitaka tena. Alisema ina mambo, Mhina akampa nyingine. Niliiloweka kwa mafuta ya taa, nikaifukia kwenye majivu ya moto jikoni kwa Mama Eliza ili ile gundi ilainike, nikaigonga pistoni kwa kipande cha mti mlaini, kidogo kidogo, leo unywele, kesho unywele, mpaka siku moja ikatoa mlio kama mtu anayeng'oa mguu matopeni. Ringi za pistoni nilizipata kwa dada yake, mashine ya aina ileile iliyokuwa imekufa kwenye banda la mbao lililoachwa njia ya Amani. Rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Niliikuta nilipokibandua kiraka ili nikifunge upya, chini yake, mahali jua wala mkono haukufika, kijivu cha njiwa chenye mstari mwekundu. Siku ilipowaka, moshi wa kwanza ulinuka kama wali wa nazi ulioungua, na Mama Eliza akapiga kelele, "Nani amekiacha chungu motoni?" Mhina akacheka, na nadhani ndiyo mara ya mwisho tulipocheka wote watatu.

Zuhura alikuja kuifuata mwenyewe. Hakuketi. "Nimekuja kuchukua mali," akasema.

"Ya nani?" Mdomo wangu huo.

"Ya mtoto."

Akaikodisha kwa watu wanaokata minazi mizee kupasua mbao, na kwa chenso hiyo akamlea Tatu, akaezeka nyumba bati, akapeleka Tatu shule. Miaka yote hiyo aliniletea mimi kuifanyia matengenezo, japokuwa mafundi wako wengi na wengine ni karibu zaidi na kwake. Alisimama mlangoni, akasema, "Inakohoa, fundi," au, "Inakula mafuta, fundi," akaondoka, akarudi kuichukua. Hakuniita jina hata siku moja. Mara moja tu, tumeshakuwa watu wazima, mvi zimenianza, aliniuliza huku natia makali mnyororo, "Siku ile ulisema kwa sababu unajua, au kwa sababu ulitaka tujue kwamba unajua?" Nikamjibu, "Kwa sababu najua." Akasema, "Haya," akasubiri nimalize. Nimewajibu watu wengi maishani na kuwanyamazisha. Yeye hakunyamazishwa na jibu lile. Alilipokea tu, kama anayepokea chenji bila kuihesabu.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo Tongoni. Tulimzika alasiri ile, na siku ya tatu nikarudi kwa hitma. Watu walikuwa wengi uani kwake, majamvi yametandikwa, masufuria ya pilau yamefunikwa, juzuu zimeshasomwa na kukusanywa, imebaki dua. Tatu akanifuata nilipokaa. Ni mwanamke mtu mzima sasa, ana watoto, ana sauti ya mama yake ileile isiyopanda. "Shikamoo, mjomba." Nikaitikia marahaba. Akachuchumaa mbele yangu, ushungi umefunika nusu ya uso, akasema kwa sauti ya chini ili jirani zangu wasisikie.

"Wewe ndiye uliyesema baba yangu hakufa."

"Ndimi."

"Mama hakuwahi kumtafuta. Alisema mtu aliyekaa kwa mwendo wa kufika alasiri asije, hatafutwi. Mimi nimemtafuta. Nimekwenda Maramba, nimekwenda Daluni, nimevuka mpaka nimefika Lungalunga na mbele yake, naulizia mzee wa mashoto. Kila nikimwona mzee ameshika kisu kwa mkono wa kushoto moyo wangu unaruka. Mpaka leo, mjomba. Na watoto wangu sasa wananisaidia kutazama."

Nikasema, "Pole, mwanangu."

"Sitaki pole. Nataka neno moja. Watu wamekaa, dua haijasomwa, chakula kipo. Nataka niwasomee wote wawili leo, yaishe. Lakini siwezi kumsomea mtu ambaye nimeambiwa ni mzima. Niambie pengine ulikosea. Meno yale yaliliwa na kitu kingine. Mpira uliozea ardhini. Sema hivyo tu, basi. Nani atakulaumu? Ulikuwa kijana."

Wallahi neno lenyewe ni jepesi. Nilikosea. Mtoto wa miaka mitatu analisema. Nililiweka mdomoni nikalihisi. Na nilijua nikilisema Tatu atanyanyuka mwepesi, na miaka yake yote ya kutazama mikono ya wazee itafungwa pale pale. Lakini mita chache kutoka pale nilipokaa palikuwa na mlango wa chumba alichoishi Zuhura, na Zuhura alijenga maisha yake juu ya kile nilichosema. Alikataa kulia juu yake. Alichekwa harusini juu yake. Kama nilikosea, basi mwanamke yule alimkasirikia maiti miaka yote ile, akamnyima mumewe dua, akafa hivyo, na mimi ndiye niliyemtuma, halafu namwambia haya siku ya tatu kaburi halijakauka. Na zaidi ya hayo yote, sikukosea. Meno yale nayaona mpaka sasa.

"Sikukosea, mwanangu," nikasema.

Hakukasirika, ningependa akasirike. Akajishika magotini akanyanyuka, akajiweka sawa ushungi. Mwalimu wa sasa, kijana mwenye sauti nzuri, alikuwa ameshainua mikono nusu, akamgeukia kama ilivyo desturi kumuuliza mwenye shughuli.

"Bi Tatu, tuwataje akina nani kwenye dua?"

Akatazama watu wote pale uani, kisha akatazama chini.

"Jina moja tu," akasema. "La mama."

Nami nikainua mikono pamoja na wengine.